Kuoanisha Taarifa za Aina Mbalimbali katika Utafiti wa Watazamaji wa Sinema: Mfano wa Tononoka, Mombasa

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kueleza namna taarifa za aina mbalimbali zinavyoweza kuoanishwa katika utafiti wa watazamaji wa sinema, na kuonyesha kuwa kazi hiyo yamhusu mtaalamu wa lugha moja kwa moja. Tutatumia mfano wa Tononoka, katika Kisiwa cha Mombasa. Majumba ya sinema ya kisiwani, kama vile Regal, Majestic na Naaz, enzi zake zimekwisha. Waliokata tikiti huko katika miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee, na idadi yao yazidi kupungua. Nyaraka zaweza kungoja. Ushuhuda wa wazee hao haungoji.

2. Aina za taarifa

Taarifa zinazopatikana ni za aina nne: nyaraka (matangazo ya magazetini, hesabu za tikiti, leseni), hojaji, mahojiano, na athari za filamu katika sanaa nyingine. Kila aina hujibu swali lake. Hesabu za tikiti hutuambia ni viti vingapi vilivyouzwa. Hazituambii kama mnunuzi aliiona picha hiyo hiyo mara tano. Hojaji hutupa upana, lakini humfunga msailiwa katika maneno ya mtafiti. Mahojiano hutupa undani, ila kumbukumbu huchagua.

Historia ya Afrika Mashariki yatupa onyo na mwongozo. Kati ya 1935 na 1937, jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, chini ya Notcutt na Latham, lilitengeneza filamu na kuzizungusha katika makoloni kadhaa. Taarifa yake ya 1937 ina thamani kubwa, lakini aghalabu ni sauti ya watayarishaji wakieleza watazamaji wao. Kinyume chake, Minou Fuglesang, katika kitabu chake cha 1994, aliishi na vijana wa kike wa Lamu na kuchunguza video zilivyotazamwa majumbani. Naye Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 juu ya miji ya Tanzania, aliyaweka pamoja mahojiano, hojaji, magazeti na kumbukumbu za biashara ya sinema.

3. Suala la lugha

Tuseme hojaji inauliza: "Mhusika mkuu alikuwa nani?" Mtazamaji wa kawaida hakulitumia neno hilo. Yeye alisema "stelingi", na aliyempinga stelingi alikuwa "adui". Maneno haya mawili si visawe vya istilahi zetu za fasihi. Mhusika mkuu aweza kuwa mwovu, na aweza kufa; stelingi ni yule ambaye mtazamaji yuko upande wake na anatarajia kuwa hatakufa. Kwa hiyo majibu ya hojaji na ya mahojiano yaweza kuhitilafiana, si kwa sababu mmoja amekosea, bali kwa sababu wameulizwa maswali mawili. Hali kadhalika, anayenakili mahojiano ya Kimvita kwa Kiswahili sanifu hupoteza sehemu ya ushahidi.

4. Ushahidi wa nyimbo

Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji mashuhuri wa Mombasa, alijulikana kwa kuimba maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Wimbo wa namna hiyo ni ushahidi kwamba filamu ilivuka mlango wa sinema. Hata hivyo, anayeyajua mahadhi si lazima awe aliiona picha. Huenda aliyasikia arusini tu. Hivyo tangazo la gazeti litatupa tarehe ya filamu, wimbo utatupa athari yake, na mahojiano yatatutenganishia watazamaji na wasikilizaji. Hakuna aina moja iwezayo kutupa yote matatu.

5. Taratibu ya kuoanisha

Kwanza, kila taarifa ibaki na alama yake: imetoka wapi, lini, kwa lugha gani, na nani aliuliza. Pili, mahojiano machache yatangulie hojaji, ili maswali yatungwe kwa maneno ya watazamaji wenyewe. Tatu, taarifa zinapopingana zisilazimishwe kuafikiana. Mathalani, mzee akisema picha fulani ilikaa miezi mitatu, na matangazo yakaonyesha wiki mbili, gazeti tutaliamini kwa hesabu ya siku. Lakini kauli ya mzee hatutaitupa: yatuonyesha uzito wa picha hiyo maishani mwake, jambo ambalo gazeti haliwezi kulisema.

6. Hitimisho

Kuoanisha si kurundika. Ni kuijua kila taarifa imejibu swali gani, kisha kuyapima majibu kwa pamoja. Maadamu maswali na majibu ni lugha, idara zetu haziwezi kuwaachia kazi hii wanahistoria na wanasosholojia peke yao. Wanafunzi wetu wa Pwani, wenye lahaja hizo vinywani mwao, wangeweza kuianza Tononoka wakati wazee wangalipo.