Mahadhi ya Kuazima, Majonzi ya Wenyewe

Kila msimu wa Maulidi huzuka hoja ile ile misikitini kwetu Tanga: kasida ya watoto wa madrasa imeimbwa kwa mahadhi ya wimbo wa dunia, je, yafaa? Kabla ya kulaumiana, tumeona vyema tuitazame historia ya mwambao wetu, maana huku mahadhi yameazimwa tangu zamani.

Ngoma ya beni, kwa vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilichukua miondoko ya bendi za askari wa kikoloni, ikaitia maneno ya Kiswahili. Taarabu nayo ilipokea mahadhi ya Misri na ya filamu za Kihindi, na vikundi vya mji wetu, Black Star na Lucky Star, vikaipa ladha ya Tanga.

Mashambani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulihitaji mikono mingi. Wakaja Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Warundi, na Wamakonde wa Msumbiji. Kuanzia 1944 wengi waliandikwa kupitia Silabu, ofisi ya wenye mashamba. Kila mtu alipewa namba, ndipo likazuka jina la manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Siku ambayo mtu hakutimiza kazi yake haikuhesabiwa. Mtu aliyetoka mbali hivyo hakubeba mali. Alibeba lugha na nyimbo za kwao, na juu ya mahadhi yale akaweka maneno ya uchovu na ya mama aliyemwacha.

Wajukuu wao leo ni jirani zetu, na katika Swala tunasimama nao bega kwa bega. Lakini wapo wanaoona haya kutajiwa neno manamba. Haya hiyo ndiyo inayoziua nyimbo: mzee anafariki, na hakuna aliyemuuliza. Ilhali Surat al-Hujurat yatufunza kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, si ili tudharauliane.

Rai yetu ni hii. Hukumu ya ala tuwaachie wanavyuoni. Katika kasida, sisi wazazi tuyapime kwanza maneno na adabu ya mwimbaji. Na majumbani, mzee angali hai, aulizwe alitoka wapi na aliimba nini, mjukuu aandike daftarini au arekodi kwa simu. Aibu si kuwa na babu aliyekata mkonge. Aibu ni kutojua alichokiimba.

Wabillahi tawfiq.