Soka kwanza, mtoto baadaye? Hesabu ya kugandisha mayai iko hivi

MWANASOKA wa kiume, mkewe akijifungua Ijumaa, Jumapili yupo uwanjani. Akifunga bao anaingiza mpira ndani ya jezi, mashabiki wanashangilia, maisha yanaendelea.

Kwa mwanasoka wa kike hesabu ni nyingine kabisa. Miaka ya kuwika uwanjani ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili uko vizuri zaidi kwa uzazi. Akisubiri hadi atundike daluga akiwa na miaka 35 hivi, mayai yake yanakuwa yamepungua idadi na ubora. Ndiyo maana baadhi ya wanamichezo wanayagandisha mapema.

INAFANYIKAJE?

Mwanamke anachomwa sindano za homoni kwa takriban siku 10 hadi 12 ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Daktari anayatoa kwa sindano maalumu, kisha yanahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku akiwa tayari, yanarutubishwa maabara na kupandikizwa kwenye mji wa mimba.

Kwa mchezaji kuna mitego. Ovari zinavimba, hivyo kukimbia na kuruka vinasimama kwa muda, zisije zikajisokota. Halafu letrozoli na klomifeni, dawa ambazo baadhi ya madaktari wa uzazi huzitumia, zimo kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizopigwa marufuku. Bila kibali cha matibabu, hapo kuna kesi.

Na hakuna uhakika wa asilimia 100. Mayai hayo ni kama straika wa akiba: kuwa naye benchi ni vizuri, ila hakuna kocha anayeahidi kwamba akiingia lazima afunge.

NANI ANALIPA?

Kwenye kikapu, mkataba wa WNBA wa 2020 uliwaruhusu wachezaji wazoefu kurudishiwa hadi dola 60,000 kwa gharama kama hizo. Tenisi nako, Juni 2025 WTA ilitangaza kwamba mchezaji anayekaa nje kwa ajili ya kugandisha mayai atalindiwa nafasi ya kuingia hadi mashindano matatu akirejea. Sloane Stephens, bingwa wa US Open 2017, aliyegandisha yake, aliupongeza uamuzi huo.

Kwenye soka, tangu Januari 2021 FIFA inataka klabu zitoe likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Kanuni hizo si za maonyesho: kiungo wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, aliibwaga Lyon kwa FIFA na kupewa haki ya kulipwa zaidi ya euro 82,000.

Ila likizo hiyo ni ya aliyekwisha kubeba mimba. Binti wa miaka 25 anayetaka kucheza kwanza na kuzaa baadaye, kinga yake aitafute kwenye mkataba, kabla hajashika kalamu.