Siku Kumi na Nne Baada ya Amani

Kila ifikapo tarehe 11 Novemba, majeshi ya nchi nyingi husimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani, kwa kuwa siku hiyo ya mwaka 1918, saa 5 asubuhi, bunduki zilinyamaza huko Ufaransa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikakoma. Mimi nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto tarehe hiyo, na aliyeiandika katika mtihani alipata alama zake zote. Leo nakiri kwamba nilikuwa mkarimu kupita kiasi. Katika Afrika yetu vita havikukoma siku ile.

Siku ile Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, alikuwa katika nchi ambayo sasa ni Zambia, naye alikuwa bado anasonga mbele. Waingereza, Wabelgiji na Wareno walikuwa wamemwandama kwa miaka minne wasimkamate. Tarehe 13 Novemba jeshi lake lilikuwa Kasama. Habari za amani zilibebwa na mjumbe wa Waingereza juu ya pikipiki, akatekwa pamoja na barua zake. Asubuhi ya tarehe 14, saa 1:30, penye mto Chambeshi, mkuu wa wilaya ya Kasama, Hector Croad, alimthibitishia jenerali kwamba serikali yake imekwisha kutia sahihi. Mnara ulijengwa mahali hapo.

Kusalimu amri kwenyewe kulifanyika tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Askari Waafrika waliopiga mstari na kuweka silaha chini walizidi 1,100. Wazungu walikuwa 155. Wenyeji husimulia kwamba silaha nyingi zilitupwa katika ziwa dogo la Chila. Mwaka 2018 watu walikusanyika Mbala kuadhimisha miaka 100 ya siku hiyo. Askari wale walipelekwa Tabora, na huko kambini wengi walikufa kwa homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia. Miaka minne ya risasi iliwaacha, mafua yakawachukua.

Lakini ndugu msomaji, askari hakuwa peke yake katika safari ile. Nyuma yake alitembea mpagazi. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, barabara za magari zilikuwa chache, basi chakula, risasi na dawa vilibebwa kichwani, mzigo wa ratili 60 hivi, kwa majuma na miezi. Watu wapatao milioni moja walitumikishwa hivyo upande wa Waingereza, wakiwamo watu wa Uganda, nchi iliyotoa pia kikosi cha nne cha Keya. Kwa hesabu rasmi ya Waingereza wenyewe, waliokufa walizidi 95,000.

Wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na posho. Mama wa nyumbani atalielewa jambo hili upesi kuliko jenerali yeyote. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au kwa wimbi alipewa unga wa mahindi, tena uliosagwa vibaya. Alifika kambini jioni, amechoka, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi. Akaukoroga unga ule na kuula kabla haujaiva. Tumbo likaharibika, kuhara damu kukaanza, na asubuhi mzigo ulikuwa palepale ukimngoja. Madaktari walipoanza kusisitiza kwamba chakula kipikwe vizuri na na watu waliowekwa kwa kazi hiyo, maelfu walikuwa wamekwisha kufukiwa kando ya njia.

Jina la kikosi cha wapagazi limebaki katika miji yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yalitokana na Carrier Corps. Sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na ile ya Nairobi inamwonyesha mpagazi kando ya askari. Majina ya watu, hata hivyo, hayakuandikwa. Mwaka 2021, halmashauri ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na watu wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Katika miaka ya karibuni mafaili ya zamani ya Keya, yaliyohifadhiwa na jeshi la Kenya, yamefunguliwa, na majina ambayo hayakuwa katika kumbukumbu yoyote yameanza kuonekana. Familia fulani itasoma hapo jina la babu ambaye ilijua tu kwamba aliondoka.

Mishahara nayo ina habari yake. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakujua pa kudai. John Ainsworth, aliyesimamia wapagazi wa Kenya, aliomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya Uingereza ikakataa.

Ujerumani nayo ilichukua muda mrefu. Bunge lake liliidhinisha mwaka 1964 kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza wazee zaidi ya mia tatu, na wachache tu walikuwa na hati. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani: bunduki begani, bunduki chini. Baada ya miaka 46, hakuna mzee hata mmoja aliyekosea.

Malipo yale yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakuwa wamefundishwa gwaride.