Una Desemba 11 tu na huyo mtoto, zipange

Toa simu mfukoni, tupige hesabu moja ya haraka.

Mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka 4. Anafuata PP2, halafu Gredi ya 1 mpaka ya 9. Hiyo ni miaka 11. Akimaliza hapo anaingia sekondari pevu, Gredi ya 10, na wengi wanabeba sanduku la chuma kwenda bweni. Ukimwona tena ni likizo, sauti imekuwa nzito, ana siri zake na marafiki zake, na ukimwambia "Jumamosi tutoke" anataka kwanza kujua kama huko kuna Wi-Fi.

Kwa hivyo una Desemba 11. Toa mbili za mwanzo, ambazo huenda akazijua kwa picha tu. Toa moja ya msiba au ugonjwa, manake maisha ni maisha. Toa moja ambayo kazi itakuwa imeisha na mfuko umetoboka. Zimebaki saba. Saba, buda! Na kila ukisema "mwakani Mungu akipenda," moja inakwenda.

Najua unajiuliza mambo ya likizo za familia yanatafuta nini kwenye ukurasa wa vijana. Angalia vizuri walio karibu nawe. Wengi wa rika letu tayari wana mtoto anayetambaa. Wengine ni kifungua mimba, mshahara wa kwanza umeingia na nyuma kuna wadogo watatu ambao hawajawahi kuvuka mpaka wa kaunti. Mimi ni msee wa miaka ishirini na kitu, chuo niliacha njiani, sina cheti cha utalii wala cha malezi. Lakini hesabu ya Desemba haihitaji cheti.

Kwanza tuongee doo

Kitu kinachoua likizo nyingi kabla hazijazaliwa ni picha za watu wengine. Ukifungua simu unaona familia imevaa nguo za rangi moja, iko Dubai, mtoto anaogelea na pomboo. Wewe unaangalia salio lako la M-Pesa, unafunga simu, unasema tungoje mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakai sawa. Mtoto ndiye anakua.

Hebu tuchukue safari ambayo karibu kila mtoto wa Nairobi anaiota: Mombasa kwa treni. Tangu Januari 2024, tikiti ya daraja la kawaida ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo ni Sh4,500 kwenda na Sh4,500 kurudi. Jumla Sh9,000.

Sh9,000 ukizitafuta Desemba tarehe 15 zitakutoa jasho. Ukizianza Januari ni Sh750 kwa mwezi, au kama shilingi 25 kwa siku. Bado hujalipia malazi na chakula, sawa, lakini umeona namna mlima unavyokatwa. Weka kiasi kidogo kila wiki mahali ambapo ni vigumu kukichomoa, iwe ni chama cha mashemeji, akaunti ya kufungia, au kopo la bati ambalo lazima ulipasue. Muhimu ni pesa hizo ziwe na jina. Pesa isiyo na jina italiwa na mafuta ya bodaboda.

Na angalia hapo kwa umri. Akifika miaka 12 nusu nauli imekwisha, anahesabiwa mtu mzima. Hata treni inakukumbusha kwamba saa inasonga.

Kungoja ni nusu ya safari

Mwaka 2010, watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wa watu wazima 1,530. Waliokuwa wanakaribia kwenda likizo walikuwa na furaha zaidi ya wale wasiokwenda popote. Wakisharudi, kwa wengi tofauti hiyo ilikuwa haionekani tena. Yaani utamu mwingi ulikuwa kwenye kungoja.

Kama ni hivyo kwa mtu mzima mwenye mkopo, fikiria mtoto wa miaka saba. Ukimwambia safari jioni ya kuamkia siku yenyewe, umemnyima miezi ya furaha ya bure. Mwambie mapema. Bandikeni kalenda kwa mlango wa jikoni, awe anakata siku moja moja kwa kalamu nyekundu. Na umwachie achague kitu kimoja cha kweli. Si kila kitu, utafilisika. Umwulize: siku ya pili twende Fort Jesus au Haller Park?

Kabla hajachagua, msimulie. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu, kabla ya kupandwa miti kuanzia 1971. Hapo ndipo alipopelekwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mkubwa mzee kama mama yake. Kobe huyo aliitwa Mzee. Mpe mtoto hadithi hiyo mwezi wa tisa na utaona kama atalala kabla ya kuuliza maswali kumi.

Kila umri na safari yake

Kosa kubwa ni kupanga safari moja ya kuwatosha wote. Mtoto wa miaka 3 na wa miaka 13 hawako kwenye likizo moja hata wakikaa kiti kimoja.

Miaka 2 hadi 5: huyu anataka maji, mchanga, wanyama na usingizi wa mchana. Usimzungushe vituo vitano kwa siku. Kimoja asubuhi, alale, jioni acheze. Kama hela ni kidogo, siku nzima Karura na blanketi na chapati inamtosha kabisa.

Miaka 6 hadi 10: huu ndio umri wa dhahabu. Anakumbuka, anauliza, na bado anaona haya ya kukukatalia. Mpe kazi. Awe mpiga picha mkuu, au mwenye kutunza tikiti. Mpe Sh200 zake za kutumia atakavyo, na akizimaliza siku ya kwanza, basi. Ukiwa kwenye SGR, chukua ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, kwa sababu utapita Tsavo mchana. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja ni zaidi ya kilomita mraba 20,000, na ndovu wake ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka. Atakayemwona wa kwanza anapata soda. Mwambie pia kuhusu simba wawili waliowala wajenzi wa reli hapo mwaka 1898. Hatataka kubanduka dirishani.

Miaka 11 hadi 14: huyu usimbebe kama mzigo. Mkabidhi siku moja nzima aipange mwenyewe, na bajeti yake mkononi: nauli, chakula, kiingilio. Mruhusu aje na binamu wa rika lake. Atanuna kidogo, mwache anune. Atakachokumbuka baadaye ni kwamba mlimwamini.

Ushago pia ni likizo, ukiamua

Familia nyingi za Kenya zina safari moja tu kwa mwaka, ile ya Krismasi kwenda ushago. Tunaichukulia kama adhabu: nauli imepanda, basi limejaa, tunalala njia nzima, tunashuka tukiwa na miguu iliyovimba. Lakini njia hizo wageni wanalipa kuja kuziona.

Unaenda magharibi na gari la familia au la kukodi? Simama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, watoto waone Longonot kwa macho yao badala ya kitabu. Ukishuka barabara ya Mai Mahiu, kuna kanisa dogo kando ya barabara lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ukielekea Nyahururu kuna maporomoko ya Thomson. Kati ya Kisumu na Kakamega kuna lile jiwe linalolia la Ilesi. Kila kituo ni dakika 30. Na ukishafika kijijini, mwombe nyanya awaonyeshe watoto mahali nyumba yake ya kwanza ilikuwa. Hiyo hakuna hoteli inaiuza.

Mimi likizo ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya siku moja. Chama cha mama kilikodi matatu, tukaenda Mbuga ya Ziwa Nakuru na mayai ya kuchemsha kwa ndoo. Mvua ilinyesha. Kaka yangu akapiga kelele kwamba ameona simba, dereva akasimamisha gari, watu wote wakahamia upande mmoja. Lilikuwa jiwe. Mpaka leo jina lake nyumbani ni Jiwe. Sasa yuko Qatar, analinda mlango wa jengo la watu, dadangu ameolewa Eldoret, na tangu 2019 hatujawahi kukaa meza moja sote. Lakini mama akiandika "Jiwe umekula?" kwenye grupu ya familia, kila mtu yuko ndani ya ile matatu. Sidhani mama alijua siku hiyo alikuwa ananunua nini.

Mambo madogo yanayoharibu mambo makubwa

Nyumba ya kupanga kwa siku chache ni nafuu kuliko hoteli mkiwa wengi, hasa mkijipikia. Lakini usitume hela kwa sababu ya picha nzuri tu. Piga simu ya video, mwenye nyumba akuonyeshe lango, jikoni na choo. Akianza visingizio, kimbia.

Tiketi za Desemba zinaisha mapema, zikate mapema. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, usije ukabishana umri wake na karani. Kumbuka kituo cha treni kiko Miritini, si mjini, kwa hivyo tenga nauli ya matatu. Za mbuga za KWS utalipia kwenye eCitizen, kwa hivyo angalia ada ya siku hizo kabla hujaahidi mtu simba.

Bahari usiichezee. Kwenye ufuo wa umma Desemba watu ni kama siafu, na mtoto anapotea kwa kufumba na kufumbua. Mvishe rangi kali, andika nambari yako ya simu mkononi mwake kwa kalamu ya wino, na mtu mzima mmoja awe zamu ya kuangalia maji tu. Zamu hiyo haina simu.

Na acha nafasi tupu kwenye ratiba. Ukijaza kila saa, mtachoka na mtagombana, na watoto watakumbuka ugomvi.

Ukirudi, simulieni

Hapa ndipo wengi tunaangusha kitu. Safari imeisha, nguo zimefuliwa, picha 600 zimelala kwenye simu mpaka simu iibwe. Watafiti wa kumbukumbu za watoto, akina Elaine Reese wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand, wameonyesha kwamba mtoto ambaye mzazi wake anakaa naye na kuzungumzia yaliyopita kwa kina, akimuuliza maswali ya wazi, hukua na kumbukumbu zenye undani zaidi. Si swali la "ulifurahia?" maana hilo jibu lake ni "ndio" na kimya. Uliza: "Yule mzee wa mashua alisema nini ulipoogopa?" Kisha umwache asimulie, hata akitia chumvi.

Chapisha picha kumi tu. Kumi, uzibandike mahali mtoto anaziona akila uji. Na mwaka ujao kabla ya safari nyingine, kaeni mzikumbuke zote moja moja.

Sasa usiseme nitaanza mwezi ujao. Leo jioni, mkisha kula, zima TV. Waulize watoto, au wadogo zako, swali moja: "Kama tungeenda mahali pamoja tu mwaka huu, ungetaka kuona nini?" Usicheke jibu, hata likiwa ni kutaka kulala kwenye treni. Liandike kwenye karatasi, weka tarehe chini yake, na kando ya tarehe andika shilingi 25.