Kwa nini chombo cha kuchachushia bia hakijazwi pomoni

NI kosa ambalo wengi wanaojifunza kutengeneza bia nyumbani hulitenda: kununua chombo kinachotoshana sawasawa na bia wanayoitaka. Kesho yake hukuta mfuniko umefyatuka, povu limetapakaa sakafuni na kinywaji kimeachwa wazi kwa vijidudu.

Chanzo cha hasara hiyo ni hamira. Inapokula sukari iliyo katika maji ya kimea, hutoa pombe pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo huinua povu zito, hasa katika siku mbili tatu za kwanza. Povu likikosa nafasi, huziba tundu la kupumulia. Shinikizo likizidi, chombo cha kioo chaweza kupasuka na kumjeruhi aliye karibu.

Kanuni ni rahisi: kwa kila lita nne za bia, chombo kiwe cha lita tano au zaidi.

Nchini Marekani, ambako Rais Jimmy Carter alitia saini mnamo Oktoba 1978 sheria iliyoiondolea bia ya nyumbani kodi ya serikali kuu, kipimo kilichozoeleka ni galoni 5, yaani takriban lita 19. Chombo chake aghalabu huwa cha galoni 6.5, karibu lita 25. Lita sita zinazobaki si hasara, kwani wahenga walinena kuwa akiba haiozi.

Bia ya ngano, na ile inayochachuka penye joto jingi, hufura zaidi. Kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, au mpira mpana unaotoka kwenye mfuniko na kutumbukizwa katika ndoo ya maji, ili povu lipate njia.

Hata hivyo, chombo kikubwa kupita kiasi nacho kina madhara. Mwanzoni gesi hufukuza hewa iliyomo. Lakini bia ikiachwa humo wiki nyingi, au mfuniko ukifunguliwa mara kwa mara, oksijeni huingia na kuipa bia ladha ya kadibodi iliyolowa.

Aidha, uzito usisahaulike. Lita 19 za bia zina takriban kilo 20 kabla ya kuhesabu chombo chenyewe. Mtungi wa kioo ulioloa huteleza, na ukianguka hukata vibaya. Ndiyo maana wengi huanza na ndoo ya plastiki iliyotengenezewa vyakula.

Mnunuzi pia akumbuke mashapo. Lita moja ikibaki chini na hamira, lita 19 hutoa chupa 36 za nusu lita. Anayetaka chupa nane pekee atatosheka na chombo cha lita saba.

Kwa Mkenya, ipo hatua inayotangulia ununuzi huo wote: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni.