Tarakilishi inapomnyima karani ruhusa

KATIKA eneo la Nyamache, Kaunti ya Kisii, kilo za majani chai ya mkulima, karo ya mwanafunzi na maelezo ya mgonjwa ni rekodi ambazo aghalabu huhifadhiwa katika tarakilishi. Mashine inapojibu kwamba ruhusa imekataliwa, kazi husimama na foleni hurefuka.

Msimamizi wa mitambo aliyebanwa na wakati hushawishika kulifungua faili kwa watu wote. Foleni hupungua kweli, lakini tangu hapo kila mwenye akaunti anaweza kubadilisha kilo za mkulima, na si rahisi kumjua aliyefanya hivyo.

Mfumo wa Linux ulirithi utaratibu wa Unix, ulioanza kubuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie nchini Marekani mwaka wa 1969. Ruhusa ni tatu: kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kuendesha programu 1. Hujumlishwa mara tatu, yaani kwa mwenye faili, kwa kikundi chake, kisha kwa watu wengine. Faili yenye 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, husomwa tu na kikundi, na wengine hawaigusi. Yenye 777 haina mlango.

Wakenya waliuona uzito wa tofauti hizi mnamo Agosti 2017, Mahakama ya Juu ilipoiagiza Tume ya Uchaguzi (IEBC) iwape walalamishi ruhusa ya kusoma tu rekodi za seva zake. Tume haikulitimiza agizo hilo kikamilifu, jambo ambalo majaji walilitilia maanani katika sababu za kubatilisha uchaguzi wa urais.

Basi mtaalamu afanye nini? Asome kwanza maneno ya kosa lenyewe. Stima ikikatika ghafla, diski huweza kupata hitilafu, na Linux ikaifungia katika hali ya kusomwa tu. Ujumbe wake ni tofauti, na kubadilisha ruhusa hakusaidii chochote. Diski ndiyo hukaguliwa.

Ikiwa tatizo ni ruhusa, amri ya ls -l humwonyesha mwenye faili na kikundi chake. Mara nyingi hugunduliwa kwamba faili lilinakiliwa na msimamizi mkuu, likabaki kuwa mali yake, na karani akafungiwa nje. Dawa yake ni kumrudishia karani umiliki. Folda nazo zichunguzwe: moja tu ikifungwa njiani, faili halifikiki hata likiwa na ruhusa zote.

Marekebisho yajaribiwe kwa akaunti ya karani. Wengi hujaribu kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ambayo ni nadra kukataliwa chochote, wakaenda zao wameridhika huku karani angali amekwama.