Bahari ya Ushongo na Watoto wa Milimani

Wasomaji wetu wa Same na wa milimani juu, mwaujua mto ule ambao wazee huuita Ruvu na ramani huuita Pangani. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, kisha hushuka nyikani kando ya milima yetu na ya Usambara, hata yakaingia baharini penye mji wa Pangani. Lakini ni wangapi katika watoto wetu waliopata kuona yanakoishia?

Mwalimu mmoja, rafiki yetu, alituuliza, "Yafaa nini kumpeleka baharini mtoto asiyejua kuogelea?" Swali lake si la mzaha. Watoto wa Upare hawana mahali pema pa kujifunzia. Mito ya milimani ni myembamba na yenye mawe. Ziwa Jipe lina mafunjo, viboko na mamba. Basi mtoto hukua hata akawa mtu mzima bila kuyazoea maji, na siku atakayokutana na maji mengi atakuwa peke yake. Kwa sababu hiyo twaona ni heri akutane nayo kwanza akiwa ameshikwa mkono na babaye, mahali pasipo mawimbi makubwa wala makelele. Mahali pa namna hiyo ni Ushongo.

Njia ni hii: kutoka Same hata Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, kisha Tanga, na kutoka Tanga kwenda kusini hata Pangani. Pangani ni mji wa kale. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapo, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi wa Desemba, mwaka 1889. Kwa miaka mingi watu wamevuka mto kwa pantoni, na katika miaka ya 2020 serikali ilianza kujenga daraja. Ng'ambo ya pili ni Kikogwe, na hapo yampasa kila Mpare asimame kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa hapo. Katika miche hiyo michache yalitoka mashamba yote ya mkonge yaliyowaita baba zetu na babu zetu kushuka milimani kutafuta fedha ya kodi.

Kutoka mtoni hata Ushongo ni kadiri ya kilomita 15. Ni kijiji cha wavuvi, chenye minazi mingi na mchanga mrefu mweupe. Nyumba za wageni zipo chache, na maduka ni madogo. Asiyechukua chakula chake huenda akalala na njaa. Sisi tulichukua makande, ndizi na maji ya kunywa, wala hatukujuta. Ufuko umeelekea mashariki, basi asubuhi jua huwa kali usoni, lakini alasiri kivuli cha minazi hufika mchangani. Yakumbukwe pia kwamba hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, upande wa pili wa mto. Mwenye mtoto mgonjwa asiende.

Tulipofika tulimkuta mzee akitengeneza wavu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Hawa watoto wajua kuogelea?" Tukasema hawajui. Akatufundisha mambo ambayo twawapeni kama tulivyoyapokea. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana, na nguvu yake ni kubwa. Katikati ya nyakati hizo maji huwa mafu, nayo ndiyo siku za watoto. Waoge wakati maji yanapoanza kujaa, karibu na ufuko, mtu mzima akisimama upande wa bahari. Maji yakipwa, mtu asiwafuate mbali, wala asiogee penye mlango wa kijito, kwa maana hapo maji huvuta kwenda nje. Mguu uburutwe mchangani, usiinuliwe, ili samaki taa aliyejificha apate kukimbia. Mtoni kwenyewe asiingie mtu kabisa, mamba wamo.

Binti yetu mkubwa alionja maji, akatema, akauliza yale ya Ruvu yako wapi. Mzee akacheka, akasema, "Njoo wakati wa masika, utayaona, ni yale mekundu." Tokea hapo hakumwacha mzee huyo hata jioni.

Na neno la adabu: wenyeji wengi wa pwani ile ni Waislamu, nao hupita ufukoni kwenda kazini mwao kama sisi tupitavyo shambani. Aingiaye majini na avae nguo ya heshima, na watoto wasipande ngalawa za watu wala kukanyaga nyavu.

Kadiri ya kilomita 8 baharini kuna kisiwa cha Maziwe, kilichowekwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuja kwa wingi kutaga. Miti ikaisha, bahari ikala ardhi, na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa bado huja, lakini mayai yakiachwa huko huoza kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo walinzi huyachukua kwa mashua na kuyafukia tena Ushongo, juu ya mahali maji yafikapo. Tulionyeshwa shimo moja, limezungushiwa vijiti, na tarehe imeandikwa. Mayai hukaa mchangani karibu siku 55 hata 60. Mtoto wetu mdogo alihesabu kwa vidole, akasema zimesalia siku kama ishirini, akaketi chini, akataka tungoje.